Pingamizi la Bibi Harusi

Nimekaa kwenye ofisi ya usharika wetu hapa Iringa mjini miaka kumi na minne, na kazi yangu kubwa ni kuchapa matangazo ambayo watu hawayasikilizi. Kila Ijumaa naandaa kurasa nne: mikutano ya vikundi, zamu za usafi, nani anaumwa, nani kasahau mwavuli na ni wa rangi gani. Jumapili mzee wa zamu anayasoma kwa dakika ishirini na tano, na waumini wanatumia nafasi hiyo kujibu meseji. Tangazo pekee linaloinua vichwa ni la ndoa. Hapo hata waliosinzia wanaamka, maana kila mtu anapenda kujua nani anamuoa nani, na anapenda zaidi kujua kama kuna atakayezuia.

Taratibu zetu zinataka ndoa itangazwe Jumapili tatu mfululizo, na mwisho wa kila tangazo yasomwe maneno haya: mwenye pingamizi halali alilete kwa maandishi ofisi ya usharika. Ofisi ya usharika ni mimi, Eveline. Katika miaka yote hiyo nimepokea mapingamizi mawili tu. La kwanza lililetwa na mwanamke wa Makambako aliyekuwa tayari na watoto watatu wa bwana harusi, na lile lilikuwa halali kwelikweli. La pili ndilo ninalolisimulia hapa, kwa sababu watu wa mjini wamelipotosha vya kutosha, na mimi ndiye niliyelipokea kwa mikono yangu.

Lilimhusu Mzee Aroni Kihwele. Huyu alikuwa dereva wa lori mpaka macho yalipomkatalia, kisha udereva wake akauhamishia kanisani. Kila kamati anaijua kuliko mwenyekiti wake. Mawe ya kanisa jipya yeye ndiye aliyeyasimamia, na ukimpa dakika tano atakuonyesha moja moja na kukutajia lilikotoka. Anawahi kuja kuliko mlinzi. Kitu kimoja tu kilikuwa kimempita maishani, nacho ni kuwa mzee wa kanisa: kupendekezwa na mtaa, kuingizwa kazini mbele ya watu, kukaa benchi la mbele na kusoma matangazo yangu kwa sauti nzito.

Kilichomzuia ni kwamba mzee wa kanisa lazima awe na ndoa ya kanisani. Mzee Aroni alikuwa na mke, watoto sita, wajukuu kumi na mmoja, na miaka thelathini na minane chini ya paa moja na mke yule yule. Ndoa ya kanisani hakuwa nayo. Kwa hiyo Jumapili za Chakula cha Bwana, wakati sisi wengine tunapanga foleni kwenda mbele, yeye alibaki amekaa upande wa wanaume na mkewe alibaki amekaa upande wa wanawake, kila mmoja na benchi lake tupu. Tulishazoea kuwaona hivyo. Nadhani na yeye alishazoea. Mkewe sijui, hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mwaka huu mtaa wao ukampendekeza. Askofu angekuja Jumapili ya kwanza ya Mei kuwaingiza kazini wazee wapya, na Mchungaji Jofrey akamwambia wazi: ubariki ndoa kabla ya siku hiyo, la sivyo nafasi inakwenda kwa wa pili kwenye orodha. Wa pili kwenye orodha alikuwa Silvester, mwimba besi wa kwaya, ambaye kwa miaka mingi Mzee Aroni amekuwa akimweleza wapi pa kuvuta pumzi. Kesho yake asubuhi Mzee akawa mlangoni kwangu.

"Eveline mwanangu, kamwene."

"Kamwene, Mzee. Karibu ukae."

"Sikai. Nataka kufunga ndoa."

"Na nani?" Nilimuuliza kwa utani tu.

"Na nani tena! Na Mama Saulo. Nipe hiyo fomu."

Aliijaza pale pale, amesimama. Kwenye nafasi ya jina kamili la bibi harusi akaandika: Mama Saulo. Nikamrudishia. Akafuta, akaandika Tusekile Kihwele. Nikamrudishia tena, nikamweleza kwamba huyo Kihwele ndiyo kwanza anataka kumuoa, sasa atampataje kabla ya kufunga ndoa? Akanikazia macho, kisha akaandika Tusekile Mwaisumo, herufi moja moja, kama mtu anayekumbuka namba za gari aliloliuza zamani. Nafasi ya sahihi ya bibi harusi akaiacha wazi.

"Hiyo atakuja kutia mwenyewe siku ya mafundisho," akasema. "Wewe anza kutangaza."

Nami nikaanza kutangaza. Hilo lilikuwa kosa langu, na nimeshalikiri kwa Mchungaji. Lakini nijitetee kidogo: ni nani angefikiri kwamba mwanamke mwenye wajukuu kumi na mmoja anahitaji kuulizwa kama anataka kuolewa na babu yao?

Kuna mmoja alifikiri, naye wala si Mkristo. Wiki ile ile Mzee Aroni alikwenda kwa Juzer, pale Miyomboni, kununua kitambaa cha suti yake na cha gauni la mkewe. Mimi nilikuwa dukani nikitafuta zipu. Juzer akampimia cha suti, akakikunja, kisha akauliza, "Mama amechagua rangi gani?"

"Nyeupe."

"Amechagua yeye?"

"Juzer, harusi ni nyeupe. Hata kwenu si ni hivyo hivyo?"

"Kwetu mwanamke anakuja mwenyewe, mzee wangu. Anatoa majora kumi chini, anarudisha tisa, mimi naugua mgongo. Mlete mama."

"Ana kazi sokoni. Kata."

Juzer akakata. Mfanyabiashara hawezi kumhubiria mteja.

Mafundisho ya ndoa hatumsamehe mtu. Ziwe zimepita siku thelathini na nane au miaka thelathini na minane, lazima ukae kwenye darasa la Shule ya Jumapili, kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa kidevu, ufundishwe na Mwinjilisti Peter. Peter ana miaka ishirini na saba na alioa Desemba. Anafundisha kwa moyo, na anaamini kabisa kwamba anayoyasema ameyapitia. Mimi huwa naingia kuandika mahudhurio na kuleta chai, na safari hii nilikawia makusudi, maana nilitaka kuona Mzee Aroni akifundishwa jinsi ya kusuluhisha ugomvi wa kwanza.

Mama Tusekile alikuja moja kwa moja kutoka sokoni, bado ana vumbi la viazi mikononi. Ni mama mfupi, mwepesi, ana kimeza cha nyanya za Ilula na mboga pale soko kuu, na mpaka leo Kiswahili chake kina mwendo wa Kinyakyusa, kwa sababu kwao ni Mbeya, huko Uyole. Akakaa pembeni ya mumewe. Somo lilikuwa mawasiliano katika ndoa.

Peter akataka kila bibi harusi aeleze jinsi mwenzake alivyomuuliza kama atakubali kuolewa naye. Tulikuwa na jozi tatu za vijana. Bibi harusi wa kwanza, Blessing, akasema aliulizwa juu ya jiwe la Gangilonga, jua likizama, na rafiki wa bwana harusi akirekodi video kichakani. Wa pili aliulizwa kwenye simu. Wa tatu alikuta pete ndani ya chipsi na karibu aimeze. Tukacheka. Peter akageuka.

"Na wewe bibi? Babu alikuulizaje?"

Mama Tusekile akafikiri kidogo.

"Hajaniuliza," akasema.

Darasa zima likaangua kicheko, na Mzee Aroni akacheka kuliko wote. "Tulituma wazee!" akasema. "Zamani hakukuwa na mambo ya chipsi."

"Namaanisha zamani, bibi," Peter akasema, "wakati ule alipokuoa."

"Nimekuelewa, mwanangu. Wakati ule hakuniuliza. Na sasa hivi pia hajaniuliza. Nimesikia tangazo kanisani kama nyinyi."

Akaendelea kusimulia, bila hasira, kwa sauti ile ile anayotumia kueleza bei ya njegere. Wakati huo Baba Saulo alikuwa bado utingo wa lori. Lori likavunjika springi pale Uyole, jirani na kwao, likakaa siku tisa. Siku ya kumi yeye alikuwa anamenya ndizi, baba yake mdogo akaja akamwambia kusanya nguo, umeolewa, lori linaondoka mchana. Akapanda juu ya magunia ya mchele. Mume akakaa mbele na dereva. Walipofika Makambako mume akatoa kichwa dirishani akamwambia, usilie, tukifika Iringa tutabariki kanisani.

"Tulifika jioni ile ile," akasema Mama Tusekile.

Baada ya hapo ilikuwa tutabariki mvua zikikatika, kisha tukishavuna, kisha nyumba ikiisha, kisha Saulo akimaliza shule, kisha huyu wa mwisho akimaliza. Mzee Aroni alikuwa anaangalia chai yake. Peter akafungua daftari lake, akatafuta kilichoandikwa kuhusu hali kama hiyo, akakosa, akafunga kwa sala.

Sahihi Mama Tusekile hakutia. Nilimpelekea fomu, akasema mikono yake ina vumbi.

Jumapili ya tatu tangazo likasomwa. Jumatatu asubuhi nafungua ofisi, Mama Tusekile amesimama mlangoni na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Nikadhani ni orodha ya wageni. Akanisalimu, akanipa, akaenda zake sokoni. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa shule ya zamani:

*Kwa Mchungaji. Mimi Tusekile Mwaisumo nina pingamizi juu ya ndoa ya Aroni Kihwele na Tusekile Mwaisumo. Sababu: bibi harusi hajaulizwa. Wako katika Bwana, Tusekile Mwaisumo.*

Niliisoma mara tatu. Kisha nikaipiga muhuri wa kupokelewa na kuandika tarehe, maana sikujua kitu kingine cha kufanya.

Mchungaji Jofrey ni mtu mtulivu, ila siku hiyo alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Mtu anaweza kujiwekea pingamizi mwenyewe?" akaniuliza. Tukatoa kitabu cha taratibu. Kinaeleza kuhusu mke wa kwanza aliyefichwa, kuhusu undugu wa damu, kuhusu umri mdogo. Bibi harusi anayepinga harusi yake hakumo, kwa sababu walioandika kitabu walikuwa wanaume tisa na walifikiria kila kitu kingine. "Ni halali?" akauliza. Nikamwambia, Mchungaji, limeletwa kwa maandishi, limeletwa kwa wakati, na sahihi ipo. Ni tangazo langu la kwanza katika miaka kumi na minne ambalo mtu kalisikiliza mpaka mwisho.

Baraza la Wazee likaitishwa Alhamisi alasiri. Askofu alikuwa anakuja Jumapili. Mvua ilinyesha, bati likapiga kelele, na kila mtu alilazimika kuongea kwa nguvu mambo ambayo yangefaa kunong'onwa. Mimi naandika muhtasari wa vikao, kwa hiyo nilikuwepo. Silvester aliitwa kama wa pili kwenye orodha, na huyo ndiye aliyetangulia kusema. Akasema kwa uchungu mkubwa kwamba kanisa haliwezi kupuuza sauti ya mama huyu. Nimemfahamu Silvester miaka mingi na sijawahi kumsikia akijali sauti ya mwanamke yeyote, hata wale wa soprano.

Mchungaji akasoma pingamizi. Kisha akasema, kwa busara kabisa nilivyoona wakati ule, "Basi jambo lenyewe ni jepesi. Mzee Aroni, muulize."

"Nimuulize nini?"

"Kama anakubali kuolewa na wewe."

"Mchungaji! Na watoto sita?"

"Muulize tu, Mzee. Tumalize."

Mzee Aroni akasimama. Alikuwa amevaa koti lake la vikao. Akawageukia wazee, siyo mkewe, akawaonyesha viganja kama anayesema mnaona ninayoyapitia. Wazee wawili wakatikisa vichwa kwa huruma. Kisha akamgeukia mkewe, na nitamtetea hapa, nadhani alijaribu. Midomo ilicheza. Lakini kilichotoka ni hiki:

"Mama Saulo, unakubali au hukubali? Askofu anakuja Jumapili."

"Sikubali," akasema Mama Tusekile.

Mvua ikazidi. Mimi nikaliandika neno hilo moja kwenye muhtasari. Mzee Aroni alikuwa bado amesimama, ila hakuonekana mrefu tena. Mama Tusekile akanyanyuka, akachukua mwavuli ukutani, akaufungua mlangoni.

"Baba Saulo, twende. Maharage nimeacha jikoni."

Nao wakaondoka chini ya mwavuli mmoja, yeye kaushika juu kwa mkono wote kwa sababu mumewe ni mrefu. Mzee mmoja akauliza kama sasa wameachana. Hakuna aliyeweza kumjibu, maana hawakuwa wamefunga.

Jumapili Askofu akaja. Silvester akaingizwa kazini, akapewa joho ambalo mikono yake ilikuwa mirefu, kwa sababu lilishonwa kwa vipimo vya Mzee Aroni. Mzee Aroni alihudhuria. Alifika mapema kuliko mlinzi kama kawaida, akakaa benchi lake la nyuma, akaimba nyimbo zote. Sikuwahi kumpenda mtu yule hasa, ana kelele na ananielekeza jinsi ya kutumia printa ambayo yeye hajui kuiwasha. Siku ile nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kumwangalia.

Mji huu ni mdogo na baridi yake inawakusanya watu majikoni, basi hadithi ikapata miguu. Vijana wa bodaboda wakamwita bwana harusi. Huko Ipogolo walisema mkewe kamfukuza. Kihesa walisema yeye ndiye kamfukuza mke. Ukweli ni kwamba waliendelea kuishi kama walivyoishi: jioni alikwenda kumpokea sokoni, akambebea kreti, wakapanda mlima pamoja. Tofauti niliyoisikia mimi, kwa mkwe wao, ni moja tu, kwamba Mzee alikuwa kimya. Hilo liliwatisha nyumbani kuliko kitu kingine.

Mwezi wa saba, ile baridi inayopasua midomo, akaja ofisini. Safari hii alikaa.

"Eveline, wewe mume wako alikuulizaje?"

Nikacheka, kisha nikaona hacheki. Nikamwambia ukweli. Liberatus aliniuliza kwa meseji: *Vipi, tuoane?* Nami nikajibu *sawa*, kwa sababu salio lilikuwa linaisha. Tukafunga harusi ya keki ya ghorofa tatu, nikasema ndiyo kwa sauti iliyosikika mpaka nje kwa wauza karanga. Wakati nasema nilikuwa nawaza kama kiatu kitakatika kisigino. Kuhusu swali lenyewe, siwezi kusema kwa uhakika kama nililisikia. Haya sijawahi kumwambia mtu, na sijui kwa nini nilimwambia yeye.

"Uzee wa kanisa ulishapita," akasema Mzee Aroni. "Nafasi nyingine mpaka miaka minne, nami nitakuwa sina meno. Sasa nikimuuliza, atajua ni kwa sababu gani?"

"Kwani ni kwa sababu gani, Mzee?"

Akageukia dirishani. Nje kuna mtu alikuwa anafagia.

"Kwa sababu alisema hapana," akasema. "Nilijua ni wangu. Kumbe katika nyumba ile, miaka yote, alikuwa anakaa kwa kupenda kwake. Angeweza kuondoka siku yoyote, Eveline. Mabasi ya Mbeya yanapita kila saa. Nimekuwa nikiamka usiku namwangalia."

Hakuna somo la jambo hilo kwenye daftari la Peter wala kwenye kitabu cha taratibu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda soko kuu kununua nyanya. Kwa Mama Tusekile kulikuwa na foleni, na nyuma yangu akaja kusimama Mzee Aroni, kofia mkononi, mabega ameyapandisha kwa baridi. Nikampisha atangulie. Akakataa, akasema atasubiri zamu yake. Basi tukasubiri. Mimi nikanunua fungu langu, nikajifanya nachagua na vitunguu ili nisiondoke.

"Unataka nini?" Mama Tusekile akamuuliza, kama mteja yeyote.

"Nimekuja kuuliza."

"Uliza."

Wauza mboga wa pande zote mbili walikuwa wameacha kuongea. Mzee Aroni alikuwa akiizungusha kofia yake kwa vidole.

"Tusekile," akasema. Nadhani alikuwa hajalisema jina hilo kwa sauti tangu Saulo azaliwe, maana lilimtoka kama la mtu mgeni. "Mimi sina kitu cha kukuambia kipya. Unanijua. Unataka kukaa na mimi?"

Mama Tusekile akapanga nyanya zake, tatu chini, moja juu.

"Nitafikiri," akasema. "Mpishe huyo mama nyuma yako."

Alifikiri wiki tatu kamili. Mzee Aroni akakonda. Mimi nilikuwa nakwenda kununua nyanya kila siku, tukala nyanya nyumbani mpaka Liberatus akalalamika. Wiki ya nne wakaja ofisini wote wawili. Mama Tusekile akaomba fomu, akavaa miwani, akaisoma kuanzia juu mpaka chini, pamoja na yale maandishi madogo ambayo hata mimi sijawahi kuyasoma, kisha akatia sahihi. Aliuliza kama tangazo lazima lirudiwe lote. Nikamwambia ndiyo, Jumapili tatu.

"Vizuri," akasema.

Mzee wa zamu Jumapili zote tatu alikuwa Silvester. Akasoma kwa besi yake, akivuta pumzi pasipotakiwa. Na alipofika kwenye maneno ya mwenye pingamizi, kanisa zima liligeuka kumtazama bibi harusi, wanaume kutoka upande wao na wanawake kutoka upande wao. Yeye alikuwa anatafuta wimbo unaofuata kitabuni.

Kwa Juzer walikwenda pamoja. Alitoa majora mengi chini, nasikia Juzer alifurahi sana na mgongo wake ukamuuma, na akachagua rangi ya damu ya mzee. Mkwe wao alitaka kusema kitu kuhusu nyeupe. Mzee Aroni akamzuia.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya kawaida, bila Askofu, bila video kichakani. Watu walijaa kuliko siku ya Askofu, na nisidanganye, wengi walikuja kuona kama atakataa tena. Saulo alikuja kutoka Mbeya na watoto wake. Mchungaji Jofrey alimuuliza kwanza Mzee Aroni, ambaye alijibu kabla swali halijaisha, ikabidi Mchungaji alimalizie baada ya jibu. Kisha akamgeukia bibi harusi.

"Je, wewe Tusekile, unakubali kwa hiari yako mwenyewe kumpokea Aroni huyu awe mume wako?"

Mtu akakohoa. Mzee Aroni aliangalia sakafu.

"Naomba urudie, Mchungaji," akasema Mama Tusekile.

Mchungaji akadhani hasikii vizuri. Akasogeza kipaza sauti, akarudia kwa nguvu, neno kwa neno.

"Nimesikia. Rudia tena."

Minong'ono ikaanza nyuma. Mchungaji akanitafuta kwa macho, kama vile jambo hili lingekuwa kwenye ratiba niliyoichapa. Nikamtikisia kichwa kwamba arudie. Safari hii hakusoma. Alifunga kitabu, akamsogelea, akamuuliza polepole, kama mtu anayetaka kujua. Mama Tusekile alifumba macho na kuinamisha kichwa kidogo, akasikiliza mpaka neno la mwisho.

"Ndiyo," akasema. "Nakubali."

Vigelegele vikaanza, na katikati ya vigelegele akamgeukia mumewe akamwambia maneno ambayo hayakuwa ya kwetu. Lakini kipaza sauti kilikuwa bado karibu naye, tukayasikia sote.

"Hata wakati ule ungeniuliza, ningekubali."

Vigelegele vikakatika. Mzee Aroni Kihwele alitafuta leso katika mifuko yote ya ile suti mpya, akaikosa, akalia hivyo hivyo mbele yetu, na Mchungaji akasubiri mpaka amalize.